Wakili wa Radi

Kila Jumamosi asubuhi, kabla mteja wa kwanza hajabisha hodi, Wakili alikuwa amekwisha fagia saluni ya mama yake, amesuuza vitana kwenye beseni na kupanga rasta ukutani kwa rangi. Nyeusi zilikaa upande wa dirisha, za kahawia katikati, na zile nyekundu, ambazo hakuna aliyezinunua tangu ziletwe, zilikaa mwisho kabisa karibu na mlango. Wakili halikuwa jina lake la kuzaliwa. Binti huyo alipewa na majirani kwa sababu ya mdomo. Tangu akiwa mdogo, ukimwambia akalale alikuuliza sababu, na ukimpa sababu moja alikupa mbili za kukaa macho.

Saluni yenyewe ilikuwa chumba kimoja chenye kioo kirefu, kiti cha kusukia, benchi la wanaosubiri na televisheni ndogo iliyowekwa juu ya kabati la mafuta ya nywele. Tangu ligi ya kulipwa ya mpira wa kikapu ya wanawake ianze, televisheni ile ilikuwa haizimwi. Wanawake waliokuja kusukwa waliwajua wachezaji kuliko walivyowajua mawifi zao. Sasa msimu ulikuwa ukingoni, na mjadala ulikuwa mmoja tu: nani anastahili tuzo ya Mchezaji Bora wa Msimu?

Mjadala wa saluni ulikuwa na sheria yake, na sheria hiyo haikutungwa na mtu, ilitokana na kazi. Aliyekaa kitini ndiye mwenye neno. Wengine walisikiliza mpaka amalize, kwa sababu ukimkatiza atageuka kukujibu, na kichwa kikigeuka mstari unapinda. Mama hakuwa na mchezo na mistari. Mstari ukipinda, hata kama amekwisha fika kisogoni, aliagiza ufumuliwe wote uanzwe upya. Kazi ya kufumua ilikuwa ya Wakili, na hakuna kazi aliyoichukia zaidi.

Jumamosi hiyo aliyekuwa kitini ni askari wa trafiki wa njia panda ya sokoni, ambaye wote walimwita Afande. Kwenye kona ya kioo alikuwa amebandika picha aliyoikata gazetini, picha ya mchezaji aliyeitwa Daraja.

"Nyinyi mnamsifu Radi kwa sababu anafunga," alisema huku akijitazama kiooni. "Sikatai, anafunga. Lakini mimi nasimama katikati ya barabara tangu asubuhi. Magari yakienda vizuri hakuna anayeniona, hata salamu sipati. Siku nikiugua nikabaki nyumbani, mji mzima unapiga honi. Sasa Daraja ndiye mimi. Anaupeleka mpira panapotakiwa, anazuia, anaokota uliopotea. Mkitaka kujua thamani yake, angalieni zile mechi alizokosa alipoteguka kifundo cha mguu. Timu yake ilifungwa zote."

Afande aliposhuka, Wakili alirukia kiti hata hakijapoa. Mama yake akacheka, akamshika kichwa kama anavyomshika mteja.

"Haya, Wakili wa Radi, sema."

Wakili akasema. Alieleza jinsi Radi anavyoruka na kukaa hewani mpaka mabeki washuke wamwache, jinsi anavyotupia kutoka mbali mpira ukaingia bila kugusa chuma, jinsi anavyobaki uwanjani peke yake baada ya mazoezi akitupia mpaka mlinzi wa taa amsihi aende. Mama Mitumba, muuza nguo aliyekuwa anasubiri zamu yake benchini, akapiga makofi.

"Umesema vizuri," Afande akakubali. "Na zile mechi alizokosa Daraja?"

Wakili akashuka kitini, akashika ufagio. Hakuwa na jibu, na jambo hilo lilimkaa rohoni kama mwiba mpaka Jumapili ikapita.

Haikuwa bure kwamba lilimuuma. Ijumaa kulikuwa na mdahalo darasani, na mada iliyochaguliwa na mwalimu wa Kiswahili ilikuwa hiyo hiyo ya Mchezaji Bora. Wakili angemtetea Radi. Upande wa Daraja angesimama Nukta, rafiki yake wa dawati moja, aliyeitwa hivyo kwa udogo wa umbo. Mshindi angekuwa kiongozi wa timu ya mdahalo ya shule na kwenda kushindana na shule nyingine. Mwaka uliopita Wakili alimwona kiongozi wa zamani akirudi amebebwa mabegani, na tangu siku hiyo hakutaka kitu kingine duniani.

Ijumaa ilipofika, Wakili alizungumza kwanza, na alizungumza kama maji ya bomba. Darasa lilicheka alipotaka licheke na kunyamaza alipotaka linyamaze. Kisha akasimama Nukta. Sauti yake ilikuwa ndogo, ikabidi wote wainame mbele kumsikiliza.

"Radi ni mchezaji mkubwa, nampenda hata mimi," alisema Nukta. "Lakini Radi akikosa siku moja, timu yake ina wafungaji wengine. Daraja alipokosekana, timu yake haikushinda hata mara moja. Namwomba mwenzangu anijibu hilo tu."

"Ajibu, ajibu," darasa likaitikia.

Wakili alihisi jasho nyuma ya shingo. Alikuwa anaona uongozi ukiteleza mkononi kama sabuni. Ulimi hauna mfupa, na wake ulikwenda kabla akili haijaamka.

"Mwenzangu hajui kilichotokea," alisema. "Daraja hakuteguka mguu. Aligombana na kocha, akagoma kucheza, akawaacha wenzake wafungwe. Hilo nimelisikia saluni kwetu, kwa mtu anayeijua timu ile."

Darasa likalipuka kwa kelele. Kila mtu alijua kwamba habari zikitoka saluni kwa mama yake Wakili huwa zimekwisha iva. Mwalimu akagonga meza mara kadhaa mpaka wakatulia.

"Umelisikia kwa nani?" Nukta akauliza polepole.

"Siwezi kumtaja. Ameniamini."

Kura zikapigwa kwa kunyoosha mikono, na Wakili akashinda. Nukta alimfuata hadi mbele, akampa mkono. "Hongera," alisema. "Mimi hilo la Daraja sikulijua." Kumbe naye alikuwa ameamini. Wakili alitamani rafiki yake angemshuku, maana kushukiwa kungemuuma kidogo kuliko kule kuaminiwa.

Jumamosi iliyofuata, Mama Mitumba aliingia saluni huku kiatu kimoja kikimvuka kwa haraka. Ilikuwa zamu yake kitini, naye hakungoja hata kuchanwa.

"Mmeyasikia ya Daraja?" akauliza. "Yule hakuumia bwana. Aligoma. Halafu alimrushia kocha kiatu."

"Kiatu?" Mama akashangaa.

"Kiatu cha kuchezea. Kikamkosa kocha, kikavunja dirisha. Wanangu wamelisikia shuleni, na lisemwalo lipo."

Wakili alikuwa anasuuza vitana. Mikono yake ikagandia ndani ya maji. Uongo wake uliondoka peku siku moja tu iliyopita, na sasa umerudi una kiatu na dirisha juu yake.

"Na hao wa shuleni wamelitoa wapi?" Mama akauliza.

"Si hapa hapa? Wanasema limetoka saluni kwako."

Mkono wa Mama ukasimama juu ya kichwa cha mteja. "Hapa tunasema mengi," alisema, "lakini hilo mimi sijalisikia." Akaendelea kusuka, ila hakucheka tena asubuhi ile.

Baada ya muda akapita Afande, akiwa amevaa sare, njiani kwenda zamu ya mchana. Hakukaa. Alikwenda moja kwa moja kwenye kioo, akaibandua picha ya Daraja taratibu isichanike.

"Nami nimesikia," alisema. "Binti yangu yumo timu ya kikapu ya shule yao. Kila mechi anakaa benchi. Kila siku namwambia, mwanangu, mtazame Daraja, kazi haipotei, ipo siku itaonekana. Sasa leo nitamwambia nini?" Akampa Wakili ile picha. "Nitupie hii, mwanangu."

Hakuwa amekasirika. Angekasirika ingekuwa nafuu. Wakili alisimama mbele ya ndoo ya takataka, lakini vidole vyake vikakataa kuachia. Akaificha picha nyuma ya zile rasta nyekundu, mahali ambapo hakuna mtu angetazama.

Alasiri hiyo ilikuwa ndiyo fainali, timu ya Radi dhidi ya timu ya Daraja. Wateja walikuwa wamekwisha. Mama akapigapiga kiti. "Njoo nikusuke ya shule, tutazame wote," alisema. "Na leo nifanyie jambo moja. Usifuate mpira. Mfuate Daraja tu, awe na mpira asiwe nao. Wanasema aligoma. Mtu mgomvi anajulikana anavyokimbia, kwa hiyo tujionee wenyewe."

Wakili akatazama. Mwanzoni macho yalimtoroka, yakamfuata Radi kwa mazoea, naye akayarudisha. Kisha akaanza kuona mambo ambayo msimu mzima yalikuwa mbele yake na hakuyaona. Daraja alikuwa amefungwa bandeji nene kifundoni. Mchezo ukisimama alichechemea, mchezo ukianza alikimbia kama mtu mwenye miguu mipya. Kabla pasi haijatupwa, yeye alikuwa amekwisha waonyesha wenzake kwa kidole pa kusimama. Mwenzake mmoja, msichana mdogo aliyeingia kutoka benchi, alikosa mtupo wa kwanza, akakosa wa pili, akainamisha kichwa. Mpira uliofuata Daraja alimpa yule yule. Safari hiyo ukaingia, na Daraja alishangilia kuliko mfungaji mwenyewe.

Mara mpira ukaelekea nje. Wote waliuacha, isipokuwa Daraja. Aliruka, akaurudisha uwanjani kwa ncha za vidole, akaangukia kwenye viti vya watazamaji. Uwanja mzima ukasimama. Naye akainuka, akamwomba radhi mama mmoja aliyemwagiwa maji yake, akarudi uwanjani akichechemea.

Mwishoni Radi ndiye aliyeamua. Muda ulipokuwa unakatika alipanda hewani, akakaa huko kama kawaida yake, akatupia, na mpira ukazama bila kugusa chuma. Siku nyingine Wakili angepaa naye. Siku hiyo alimwona Daraja akivuka uwanja kwa mguu wake mbovu, wa kwanza kabisa kumpa Radi mkono, na machozi yakaanza kumtiririka.

"Nimekukaza sana?" Mama akauliza.

"Hapana." Wakili akajifuta machozi. "Mama, mimi niko kitini."

"Upo."

"Basi nisikilize mpaka nimalize."

Mama akanyamaza, kama sheria ilivyotaka. Wakili akasema yote huku akitazama kioo: swali la Nukta, jasho la shingoni, uongozi, na yule mtu anayeijua timu ambaye hakuwahi kuwapo. "Hakuna aliyeniambia. Nililitunga mwenyewe, nikasema limetoka kwako."

Wakili alijiandaa kwa kofi, kwa ukali, kwa lolote. Mama alipozungumza sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa.

"Humu saluni mstari ukipinda, nani anafumua?"

"Mimi."

"Unaanzia wapi?"

"Unapoishia, kwenye ncha. Kisha narudi mpaka ulipoanzia."

"Kumbe kazi unaijua. Uongo wako umeishia kwa Afande. Anzia hapo, urudi mpaka darasani."

Wakili alichukua picha nyuma ya rasta nyekundu, akatoka na kichwa chake kilichosukwa nusu.

Afande alikuwa katikati ya njia panda, glavu nyeupe mikononi. Alipomwona mtoto ukingoni mwa barabara, akafikiri anataka kuvuka, akanyoosha mkono na kuyasimamisha magari pande zote. Wakili akaingia barabarani, akafika katikati, akasimama mbele yake.

"Afande, Daraja hakugoma. Hakuna kiatu wala dirisha. Ni mimi niliyetunga ili nishinde mdahalo."

Honi zikaanza nyuma yao. Dereva mmoja wa lori akauliza kama barabara imegeuzwa baraza.

"Hebu rudi pembeni kwanza, mwanangu, kabla hatujafa wote na ukweli wako," alisema Afande. Akayaruhusu magari, akamkabidhi ile kazi askari mwenzake aliyekuwa upande wa pili, akamfuata Wakili. Pale pembeni akainama kumtazama usoni. "Ulitunga?"

"Nilitunga. Nisamehe, Afande."

"Umeniudhi," alisema Afande. "Sitakuficha. Leo nimemsema Daraja mbele ya wenzangu wa kazini, mtu wa watu ambaye hakunikosea kitu." Akanyoosha mkono. "Picha yangu iko wapi?"

Wakili akamkabidhi. Afande aliipangusa kwa glavu, akaiweka mfuko wa shati la sare, upande wa moyo. "Ilikuwa ngumu kuja pale katikati ya magari," alisema. "Nimeliona hilo pia."

Mama Mitumba aliambiwa jioni hiyo hiyo. Aliduwaa, kisha akauliza kwa masikitiko kama hata kile kiatu hakikuwapo.

Jumatatu ilikuwa mbaya zaidi, maana macho yalikuwa mengi. Wakili aliomba ruhusa kwa mwalimu, akasimama pale pale aliposimama Ijumaa na kusema kwa sauti ile ile. Hakuna aliyecheka wala kupiga makofi. Mwalimu alisema uongozi wa timu utakwenda kwa Nukta, na Wakili akaitikia kwa kichwa. Alipoketi, Nukta hakumtazama mpaka kengele ilipolia.

"Nilikuamini," Nukta alisema hatimaye. "Nilimwambia hata mama yangu."

"Nitakuja kwenu nimwambie mwenyewe."

Nukta akafikiri. Alikuwa mtu wa kupima maneno, hata ya ugomvi. "Njoo leo," alisema. "Na nataka uwe msemaji wangu wa pili, kwa sababu hakuna anayesema kama wewe. Lakini kila hoja utakayoileta, utanieleza umeitoa wapi."

"Kila hoja," Wakili akakubali.

Jumamosi iliyofuata saluni ilijaa mpaka mlangoni, kwa kuwa ndiyo siku ya kutangazwa kwa tuzo. Picha ya Daraja ilikuwa imerudi kwenye kona yake ya kioo. Afande alikuwa kitini. Televisheni ikapandishwa sauti, hotuba zikasemwa mpaka watu wakachoka, kisha jina likatajwa. Mchezaji Bora wa Msimu alikuwa Radi.

Wote wakageuka kumtazama Wakili, wakitarajia aruke. Hakuruka. Alikuwa na furaha, lakini furaha yenyewe ilikuwa na donge ndani yake. Radi alikuwa ameshinda tuzo kubwa kuliko zote, na hakuna aliyehitaji kumwambia mtoa tuzo yeyote kwamba Daraja aligoma.

"Chanda chema huvikwa pete," alisema Afande bila kugeuza kichwa. "Amestahili. Mimi bado ningempa wangu, lakini sina kinyongo."

Mama alikuwa anachana njia kwa mkia wa kitana. Alizungumza na binti yake kupitia kioo, mikono ikiendelea na kazi.

"Umeona, mwanangu? Radi alitosha. Jasho lake lilitosha, na hata hoja zako za kweli zilitosha. Wewe ndiye hukuamini kwamba ukweli unatosha, ukaona uuongezee. Ukitaka kumsifu mtu, msifu kwa alichokifanya. Usimpake mwingine matope ili wako ang'ae, kwa sababu mwisho wa yote wanaochafuka ni wawili: uliyempaka, na mkono wako."

Wakili alichukua gazeti la siku hiyo, akakata picha ya Radi, akaibandika kwenye kioo kando ya Daraja, akaipangusa kwa kiganja mpaka ikashika.

Mama akamaliza kichwa cha Afande. Afande akajigusa mistari, akaridhika, akashuka na kukipigapiga kiti. "Kaa hapa," akamwambia Wakili. "Msimu ujao hauko mbali. Nataka nisikie jinsi utakavyomtetea Daraja."

Wakili akakaa. Alianza na ile bandeji kifundoni, akaenda kwa yule msichana wa benchi aliyekosa mara mbili, akafika kwenye mpira uliookolewa kwa ncha za vidole. Yote alikuwa ameyaona kwa macho yake. Mama alichukua kitana, akaanza kumsuka, na hakuna aliyemkatiza mpaka mstari wa mwisho.